Malalamiko: foki mliyoniuzia haina tundu la breki ya mbele

Habari zenu hapo dukani,

Nawaandikia kwa sababu yule kijana wenu wa simu kila nikimpigia ni "tunaangalia boss, tunaangalia", na baiskeli yangu imelala sebuleni haina mbele.

Kwenye tangazo mliandika foki, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ya fiksi, baiskeli ambayo pedeli zinazunguka na gurudumu muda wote, karboni, iko tayari kufungwa breki, na breki yenyewe mkaniuzia pamoja, nikawatumia hela yote kwa M-Pesa kabla mzigo haujapanda basi. Kufika Malindi nikaupeleka kwa fundi wangu wa mtaa wa Shella, akamulika tochi ya simu pale juu miguu miwili ya foki inapokutana, akapitisha kidole mbele, akapitisha nyuma, rangi laini tu, tundu hakuna. Akacheka. Boliti ya breki ni milimita 6, sasa aipitishe wapi?

Hii ni foki ya mbio za uwanjani, kule breki hairuhusiwi kabisa, wote wanazunguka upande mmoja na hakuna wa kukukatizia, ndio maana haikutobolewa. Foki haina kosa, mwenye kosa ni aliyeandika lile tangazo. Mimi naendesha barabara ya Gede, tuktuk inasimama ghafla kuokota abiria bila indiketa wala nini, na fiksi haina friwili, ukitaka kupunguza unakaza miguu kwenye pedeli, linalopunguza ni gurudumu la nyuma peke yake na ukizidisha linateleza kwa sababu uzito wote ushahamia mbele. Cheni ikiruka hapo umebaki na viatu.

Kilichonikera zaidi lakini ni jibu lenu, ati "mwambie fundi apige drili". Jamani! Foki ya chuma labda, tena kwa fundi anayejua. Karboni ni nyuzi zimeshikwa na gundi, ukitoboa mahali hapakupangiwa tundu umezikata, na hapo hapo ndipo nguvu yote ya breki inapotua. Leo haitavunjika, itavunjika siku nimebana breki kwa nguvu nyuma ya lori. Mtanilipa nini, meno? Na kile kibano cha kufunga nje ya mguu wa foki mlichosema baadaye sikitaki pia, kibano na karboni hawapatani, kinauponda.

Ninachotaka: foki iliyotobolewa kiwandani, mbele na nyuma, au pesa ya foki irudi kwa namba ile ile niliyolipia. Nauli ya kurudisha mzigo ni yenu, mimi sikuagiza hii. Breki nabaki nayo, hiyo sina neno nayo. Na lile tangazo libadilisheni, jana nimeliona bado liko vile vile, mwingine atanunua aitoboe kweli.

Picha nimeweka hapa chini, moja ya mbele moja ya nyuma, mtafute hilo tundu wenyewe.

Mteja wenu,
Malindi