Shosti, kuhusu hizo pointi zako na ile kozi

Shosti yangu,

Mambo vipi huko, wote hamjambo? Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka pale ulipoanza kunong'ona watoto wasiamke, nikacheka kweli. Nilitaka nikujibu kwa voisi pia ila hili jambo lina hesabu ndani yake na hesabu za kusikia huwa zinapotea hewani, kwa hiyo nakuandikia, soma taratibu ukipata nafasi.

Umeuliza kama pointi za kadi ya supamaketi zinaweza kulipia kozi ya masafa. Zinaweza. Ila kuna njia mbili, moja ndo hiyo ya moja kwa moja uliyoiwaza wewe, ya pili watu wengi hawaifikirii kabisa na mimi naona ndo yenye akili zaidi, ntakueleza.

Tuanze na hiyo yako. Mfano unaojulikana sana ni wa Uingereza. Supamaketi ya Tesco walianzisha kadi yao ya Clubcard mwaka 1995, ukinunua vitu vya pauni 1 unapata pointi 1, na pointi 1 ukiitumia dukani ni peni 1, alafu pointi zikijaa wanakugeuzia kuwa vocha. Sasa kuna kipindi hizo vocha ulikuwa unaweza kuzipeleka kulipia kozi za Open University, kile chuo kilichoanzishwa 1969 kikapokea wanafunzi wa kwanza 1971, kazi yake tangu mwanzo ni kusomesha watu wakiwa majumbani kwao. Na utamu wenyewe ni kwamba ukibadilisha vocha kwa washirika wa kadi, yaani wale wengine nje ya duka wanaozipokea, thamani yake ilikuwa inazidishwa, yaani vocha ileile ambayo ukiitumia dukani ni ndogo, ukiipeleka kwa mshirika inakua. Hapo ndo watu walipoona mwanga, mama ananunua mahitaji ya nyumbani ambayo angeyanunua tu hata kama kadi isingekuwepo, mwisho wa siku kapunguza ada.

Na kuna sababu masomo ya masafa yanaendana na pointi kuliko chuo cha kwenda darasani. Ada yake inakatika vipande. Open University kwa mfano digrii ya honasi ni krediti 360 (krediti ni kipimo cha ukubwa wa masomo), ila hulipi zote kwa mkupuo, unachukua moduli moja, yaani kipande kimoja cha digrii, ya krediti 30 au 60, unaimaliza, ukipumua unachukua nyingine. Kiasi kidogo kidogo kinakutana na ada ndogo ndogo. Chuo kinachotaka ada ya mwaka mzima kabla hujaingia geti, pointi hazifui dafu.

Lakini sasa sikiliza upande wa pili. Pointi sio hela yako shosti, hata kama jina lako limeandikwa kwenye kadi. Tesco haohao Juni 2023 walishusha thamani kwa washirika wao kutoka mara tatu kwenda mara mbili. Piga hesabu hapo, mtu alikuwa amejiwekea vocha za pauni 100 akijua kwa mshirika zina nguvu ya pauni 300, ikabaki 200. Theluthi imeondoka na yeye hajagusa kitu, hajanunua hata kiberiti. Na huwezi kwenda kulalamika popote maana kwenye masharti wanaandika kabisa kwamba wanaweza kubadilisha, ile mistari midogo ambayo sisi wote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma. Kwa hiyo hiyo habari yako ya kuzitunza pointi mpaka zifike nyingi ndo ulipie kozi nzima mimi siikubali. Zina tarehe ya kufa, na wenye nazo wana haki ya kuzipunguza wakiamka vibaya.

Njia ya pili ndo hii. Pointi zitumie hapohapo dukani kulipia manunuzi ya kawaida, alafu ile hela taslimu ambayo ungeitoa ihamishie kwenye akaunti ya ada. Basi. Pointi zimelisha nyumba, hela imeenda shule. Kwa njia hii huhitaji chuo kiwe na mkataba na supamaketi yoyote, unaweza kusoma chuo chochote unachokitaka wewe na sio kile ambacho kadi imekuchagulia.

Ila siri iko kwenye muda wa kuhamisha. Keshia akikuuliza "utumie pointi zako?" unasema ndiyo, risiti inatoka, kule chini kuna mstari unaoonyesha pointi zimekata kiasi gani. Usiikunje risiti ukaitupia kwenye mkoba. Simama pembeni hapo kwenye matoroli, toa simu, ingia benki au hela ya simu, tuma namba ileile iliyo kwenye ule mstari kwenda kwenye akaunti ya ada, hata kama ni kiasi cha kuchekesha. Ukisema ntahamisha nikifika nyumbani ujue imeshaliwa, ukifika utakuta mtoto anadai hela ya daftari na gesi imeisha. Na hiyo akaunti iwe peke yake, isichanganywe na hela ya matumizi, kama benki yako inakuruhusu kuipa jina iandike jina la kozi kabisa.

Faida nyingine ya hela taslimu ni ukighairi. Mambo hutokea, kazi inabana au mtu anaumwa, unajitoa kwenye moduli kabla ya tarehe ya mwisho na chuo kinakurudishia sehemu ya ada. Kama ulilipa kwa vocha usitegemee kurudishiwa hela mkononi, sehemu nyingi vocha ikishatumika imetumika. Hili uliza kwanza kwa maandishi, imeili ni bora kuliko simu maana una ushahidi. Uliza pia kama wanapokea vocha kwa sehemu ya ada na sehemu ukamalizia kwa hela, na kama vocha inatumika siku ya kujisajili tu au hata kwenye awamu zinazofuata, na kama jina la kadi lazima lifanane na jina la mwanafunzi. Hilo la mwisho linawahusu sana wenye kadi ya jina la mume au la mama.

Sasa lini utumie vocha moja kwa moja? Pale tu ambapo thamani inazidishwa, na kozi ni ile uliyokuwa umeshaichagua kabla hujajua habari za vocha. Yote mawili kwa pamoja. Kama thamani ni ileile ya dukani sioni sababu ya kujifunga. Na kama kozi umeipenda kwa sababu tu vocha inakubalika, hapo tayari supamaketi ndo imekuwa mshauri wako wa masomo.

Haya, hesabu yenyewe sasa, usininunie. Kadi inayorudisha asilimia moja, ili upate 100 ya ada lazima umetumia 10,000 dukani. Ikizidishwa mara mbili, 5,000. Kuna kadi zinatoa pungufu ya hapo, Nectar kwa mfano, wanayoitumia Sainsbury's hukohuko Uingereza, pointi 500 ni pauni 2.50, yaani kila pointi ni nusu peni. Chukua risiti zako za mwezi, jumlisha, tafuta asilimia, utaona mwenyewe kwamba kadi haitakusomesha digrii. Kulipia digrii nzima kwa pointi ni kujaza pipa kwa kijiko. Ila vile vitu vidogo vidogo vinavyokwamisha watu inaviweza kabisa, kitabu kimoja kinachokosekana, ada ya mtihani, bando la kuhudhuria kipindi, ada ya cheti. Wangapi tunawajua walilipa kozi nzima wakakwama kwenye ada ya mtihani?

Kuhusu cheti nikwambie kitu kabla hujalipa popote. Hao Open University wana tovuti yao ya OpenLearn tangu 2006, kozi za bure kabisa, unasoma tu. Coursera na edX, tovuti za kozi za mtandaoni, zote zilianza 2012 na kuna kozi zao nyingi unaweza kuanza kusoma bila kulipa, unalipia ukitaka cheti. Mimi ningeanza huko. Sio kwa ubahili, ni kwamba unajipima kama kweli unaweza kukaa na laptopu saa nne usiku baada ya siku yako ile ninayoijua, maana kinachowatoa watu kwenye kozi za masafa mara nyingi sio ugumu wa somo ni hiyo saa nne usiku. Ukimaliza moja ya bure ukaona uko vizuri, pointi zako zinalipia cheti cha inayofuata, na hiyo ndo saizi yake hasa.

Alafu promosheni. Zile za "pata pointi mara tano wiki hii" mimi nazipita tu. Wanajua saikolojia yetu wale watu, ukishaambia kichwa chako kwamba unanunua kwa ajili ya shule basi kila kitu kinageuka halali, unabeba dishi la tatu unasema ni ada hii. Ukitumia 1,000 kwenye kitu usichohitaji ili upate 50 ya pointi umepoteza 950, hakuna mwalimu wa hesabu atakayekwambia vingine. Na wanaolipia dukani kwa kadi ya mkopo wakifukuzia pointi, kama hawamalizi deni mwezi huohuo riba inakula pointi na mfupa wake. Orodha yako iandike nyumbani, bei za wenye kadi zichukue kwa vitu vilivyo kwenye orodha, na hilo punguzo ukitaka lihamishie pia kwenye ada, mara nyingi punguzo lina hela nyingi kuliko pointi zenyewe na watu hawalioni kwa sababu halina jina tamu.

Uliniuliza wao wanafaidika nini kutugawia. Wanataka kujua unanunua nini, lini, na nini umeacha kununua. Clubcard ilijengwa kwa msaada wa kampuni ya mtu na mkewe, Clive Humby na Edwina Dunn, kazi yao ilikuwa kusoma hizo taarifa. Sisemi uache kadi, mimi mwenyewe ninayo, nasema tu ujue kwamba unachopewa ni malipo na sio zawadi, kwa hiyo zitumie zote, usione aibu.

Sasa nijibu mambo mawili. Usajili wa hiyo kozi unafungwa lini? Kama ni mwisho wa mwezi huu usisubiri pointi, lipa awamu ya kwanza kwa hela, pointi zitanunua kitabu. Na umeangalia kama hicho chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya kwenu? Ingia kwenye orodha yao wenyewe mamlaka, usiangalie tangazo la chuo, nembo mtu yeyote anabandika. Nitumie skrinshoti ya ukurasa wa masharti ya vocha nami niisome, nina macho ya mistari midogo mimi.

Wasalimie wote, na yule mdogo mbusu.

Mwenzio