YAH: NYAMA YA NGURUWE YENYE VILUWILUWI VYA TEGU

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Usambazaji wa Nyama,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, mwenye baa ya kitimoto hapa Mbeya, na ninalalamikia nusu nguruwe mliyoniletea juma lililopita ikiwa na muhuri wa ukaguzi. Mchoma nyama wangu alipopasua bega alikuta vifuko vyeupe vyenye maji, ukubwa wa punje ya hindi, vimejibana katikati ya nyuzi za nyama; hivyo ndivyo viluwiluwi, yaani watoto wa tegu, ule mnyoo mrefu wa tumboni. Tulipochana moyo, navyo vilikuwamo. Moyo na ulimi ni miongoni mwa viungo ambavyo mkaguzi hutakiwa kuvichana, kwa hiyo ama nguruwe huyo hakukaguliwa, ama muhuri uligongwa kwa mazoea.

Kilichonikera zaidi ni jibu la afisa wenu kwenye simu: "Wewe ivishe tu vizuri." Ni kweli nyama iliyoiva hadi ndani haiambukizi, lakini kipande kinene juu ya jiko la mkaa huweza kuungua nje huku ndani kikiwa kibichi, na wateja wa jioni hawana subira. Atakayemeza kiluwiluwi hai atafuga tumboni tegu wa mita kadhaa, pengine bila kujua. Tena madhara hayaishii kwake, kwa kuwa mayai ya tegu hutoka na kinyesi, na mtu mwingine akiyameza kwa mikono michafu, maji au mboga mbichi, hata kama hajawahi kuonja nguruwe, viluwiluwi vinavyoanguliwa huweza kujikita ubongoni na kumletea kifafa. (Wengi hudhani kifafa hicho hutokana na nyama yenyewe, sivyo.)

Kwa hiyo naomba mnirudishie fedha zangu zote, wala si kunibadilishia nyama, na mwite daktari wa mifugo akague upya shehena yote ya siku ile. Aidha, nijulisheni kwa maandishi nguruwe huyo alinunuliwa wapi, maana nguruwe hupata viluwiluwi kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu, na huko alikotoka yupo binadamu anayehitaji dawa.

Nyama nimeitenga kwenye friza yake peke yake, na sitaitupa kabla haijaonwa na mtaalamu.

Wenu katika biashara,
Mmiliki wa baa

Nakala: Afisa Mifugo wa Halmashauri