Usiyaache majani ya chini

Sinza,
Dar es Salaam

Rafiki yangu Zuhura,

Habari za Mkuranga? Sisi huku hatujambo, ila joto la Dar unalijua. Picha za mihogo ulizonitumia zimefika, ahsante sana shoga yangu.

Umeniuliza kama kweli kompyuta inaweza kuuona ugonjwa wa muhogo. Inaweza, ila haioni jani kama unavyoliona wewe. Kwake picha ni vidoto, na kila kidoto ni namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Unaipa maelfu ya picha ambazo mtu ameshaziandikia: hii ina ugonjwa wa batobato, hii ina ugonjwa wa michirizi kahawia, hii nzima. Yenyewe inatafuta namba zipi zinaendana na jina lipi. Mwandikaji akikosea, nayo inakariri kosa lile lile.

Mwaka 2017 watafiti walitumia picha za mashamba ya Bagamoyo, wakapata usahihi wa asilimia 93 kwa picha ambazo modeli, yaani programu iliyofundishwa hivyo, haikuwahi kuziona. Mwaka 2019 wakaijaribu kwenye simu, shambani, hapa hapa Tanzania. Alama ya F1, kipimo kinachoangalia kwa pamoja makosa ya kusingizia ugonjwa na ya kuupita, ikashuka kwa asilimia 32, tena kwa majani yenye dalili za wazi kabisa, kwa sababu ilikuwa inayapita majani yenye ugonjwa bila kuyatambua. Nawaheshimu sana kwa kuuchapisha upungufu huo; ndio unaonifanya nikuandikie.

Picha zako karibu zote ni za majani machanga ya juu. Batobato utaikuta huko, jani limejikunja na lina mabaka ya njano. Lakini michirizi kahawia hujitokeza zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, umanjano ukifuata mishipa, na mkulima hudhani jani limezeeka tu. Tena kuna shina ambalo majani yake hayakutii shaka hata kidogo, ukichimba na kukata muhogo unakuta ndani umeoza, mabaka makavu ya kahawia. Hiyo kamera haiioni kwa juu. Wewe bibi shamba ndiye unayeweza kuiona.

Kwa hiyo nakuomba: kila shina lipe namba, piga picha majani ya juu, piga na ya chini. Siku ya kuvuna kata muhogo wa shina lile lile, upige tena. Epuka jua la saa saba, maana jani linang'aa, namba zinagonga 255 na umanjano wote unafutika. Magugu, udongo, hata mkono wa mkulima, viache vionekane. Shamba ndivyo lilivyo.

Na picha za WhatsApp zitume kama dokumenti, zisikandamizwe, michirizi ile ni myembamba mno. Bando nitakurushia mimi. Msalimie mama, mwambie Pasaka nakuja.

Wako,
Rehema