Dari kabla ya malumalu

Mhariri,

Tangu ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, kila moja kwa Sh20 milioni, kamati nyingi za shule zimezoea kusimamia mafundi zenyewe. Madarasa yanapendeza pichani. Ila mengi yanamtesa anayekaa ndani, na chanzo ni maamuzi ya siku msingi unapochorwa.

Kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Zile fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na jioni. Hapo upenu wa sentimita 90 unatosha kukinga madirisha jua la adhuhuri. Jengo likigeuzwa ili liitazame barabara, jua la saa tisa linafika hadi kwenye madawati: watoto wanakunja nyuso, wanabanana upande wenye kivuli, na ubao unang'aa usisomeke. Ukuta ukishasimama, kosa hili halirekebishiki kwa rangi wala pazia.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanasifiwa mno. Kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, kwa hiyo dirisha la mita 1.5 linafunguka sentimita 75 tu. Darasa la watoto 45, ambalo mara nyingi hubeba 90, halipumui hivyo. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Madirisha hayo yawekwe kuta zote mbili zinazotazamana ili upepo upate pa kutokea, na juu ya linta, boriti ya zege inayopita juu ya madirisha, yaachwe matundu, maana hewa ya moto hupanda.

Fedha zikipungua, dari ndiyo hukatwa kwanza. Hapo ndipo tunapokosea zaidi. Bati la geji 28 lisilo na dari humwaga joto vichwani tangu saa nne. Masika yakianza, mwalimu hasikiki hata dawati la pili, na kipindi cha dakika 40 kinaishia kunakili ubaoni. Mgeni rasmi hawezi kulijua hilo. Uzinduzi hufanyika kiangazi.

Basi sakafu ipigwe niru, malumalu yasubiri, fedha ziende kwenye dari ya jipsamu. Lakini kwanza misumari yote ya bati iwe na mpira, na matundu yanayopitisha hewa juu ya dari yazibwe kwa wavu. La sivyo jipsamu italowa na kuanguka, na popo watahamia humo kabla muhula haujaisha.

Msanifu majengo,
Morogoro