Sefu ya silaha isinunuliwe kwa sura

Mhariri,

Wenye silaha za kibali wengi huchagua sefu kwa rangi na vitufe vya namba. Cha kupima ni unene wa bati. La milimita 1 au 1.5 hupinda kwa mtaimbo. Tafuta walau milimita 3, mlango uwe mnene zaidi, na uwe na komeo upande wa bawaba pia. La sivyo, bawaba zikikatwa mlango unang'oka.

Sefu nyingi ndogo za betri za bei rahisi zina ugonjwa wake: kufuli la solenoidi, yaani pini inayovutwa na sumaku ya umeme, huachia sefu ikigongwa juu kwa ngumi huku kitasa kikizungushwa. Jaribu dukani kabla ya kulipa, muuzaji anune akitaka.

Sefu ya kilo 40 hubebwa na watu wawili. Ifunge kwa bolti nne za milimita 12 kwenye zege, si kwenye tofali la tundu. Pwani, weka pakiti za kunyonya unyevu na uzikaushe mara kwa mara, maana mtutu hushika kutu upesi. Risasi zikae kwenye kisanduku chenye ufunguo wake. Ufunguo wa dharura wa sefu yenyewe? Popote, ila si kwenye droo ya kitanda.

Fundi makufuli,
Tanga