Uzi ule haukusahauliwa, uliwekwa makusudi

Ndugu Mhariri,

Mwezi Mei mlitoa ukurasa mzima kuhusu fistula, kwa ajili ya ile siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi, Mei 23. Mwenzetu mmoja aliusoma kwa sauti kijiweni kwetu hapa Chang'ombe, Dodoma, wengine tumekaa juu ya pikipiki tunasubiri abiria. Alipofika kwenye uzazi pingamizi na mkojo unaovuja, watu walisikitika kweli. Mmoja akasema, "Wanawake wanapata tabu." Mimi nikajifanya nakagua cheni. Nina fistula, Mhariri, na ni mwanamume wa miaka 36, baba wa watoto watatu.

Yangu iko njia ya haja kubwa. Ilianza kama jipu pembeni ya tundu, likapasuka lenyewe, nikapata nafuu, likarudi. Kwa karibu miaka miwili kila niliyemwambia alinijibu neno moja: bawasiri. Nilikunywa dawa ya chupa ya shilingi 15,000 niliyouziwa na jamaa wa kipaza sauti, nikapaka ya kopo, nikajifukiza majani. Huku kwetu kila kinachouma nyuma ni bawasiri, na wauza dawa wanakula kwa hilo.

Hospitalini ndipo daktari aliponichorea, nyuma ya karatasi ya vipimo. Ndani ya ile njia kuna vitezi vidogo. Kimoja kikiziba na kuingia wadudu kinafanya jipu, na jipu likitafuta pa kutokea linachimba handaki mpaka kwenye ngozi. Handaki hilo ndilo fistula. Mlango wa nje ukijifunga kabla ndani hakujakauka, usaha unajaa tena, na ndiyo maana langu lilikuwa linaenda na kurudi. Wakanipima na kifua kikuu, kwa kuwa nacho huweza kuleta kitu kama hiki. Sikuwa nacho. Nikauliza kwa nini wasilipasue lote siku hiyohiyo tukamalizana. Akasema handaki langu limepita kwenye misuli inayobana choo, na wakiikata ovyo naweza kubaki sina uwezo wa kuzuia hata hewa. Kwa hiyo walipitisha uzi handakini, wakautolea kwenye tundu, wakaufunga kwa kulegea kama pete. Wao wanauita setoni. Kazi yake ni kuzuia mlango usifunge, uchafu utoke taratibu, mpaka pawe pametulia waamue upasuaji unaofuata. Kuna wanaokaa nao wiki, kuna wanaokaa nao miezi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mwezi wa tatu tangu niwekewe, nilipata homa. Nikaenda kituo cha afya cha karibu, sitakitaja. Malaria haikuonekana. Yule binti aliyenihudumia, mpole kabisa, akasema basi na kidonda tukiangalie. Nikalala ubavu. Akaangalia, akaguna. "Kaka, hawa waliokupasua wamekuachia nyuzi. Miezi yote hii!" Nikasikia kachi, mkasi. Akanionyesha kile kipande cha nailoni nyeusi kwenye pamba, na mimi, Mhariri, nikamshukuru. Nilitoka pale najiona nimepona. Suruali ikawa kavu wiki mbili.

Siku ya kumi na tisa sikuweza kukaa. Jipu lilikuwa limerudi kubwa kuliko la kwanza. Nikarudishwa chumba cha upasuaji, sindano ya mgongo tena, uzi mwingine, na laki nne na ushee za mkopo wa kikoba ambazo mke wangu bado anarejesha.

Simlaumu yule binti sana. Karatasi niliyopewa siku ya kutoka hospitalini ilikuwa na mistari minne ya Kiingereza kwa mwandiko wa haraka, na hata mimi mwenye uzi sikuelewa vizuri kwamba natakiwa kuulinda. Daktari alipoona nimenuna, alinitania kwamba niko kwenye kundi la wafalme: Louis wa 14 wa Ufaransa alipasuliwa fistula ya namna hii Novemba 1686. Na uzi wenyewe ni wa kale zaidi, tabibu Hippocrates wa Ugiriki alitumia kitani kilichosokotwa na unywele wa farasi. Nikacheka kidogo. Zaidi ya miaka 2,000, na habari haijaufikia ule mkasi!

Kuishi nao mtu anazoea. Uzi wa kwanza ulikuwa na fundo lenye ncha mbili ngumu kama ndevu za kambare, zilinichoma kwenye kila tuta. Wa sasa ni laini, kama mpira mwembamba wa manati. Zamani nilikuwa napeleka abiria Mtumba mara tano kwa siku, sasa mara mbili, nimekalia kipande cha sponji. Mama yangu, kutoka Kondoa, ananisisitizia mlenda ili choo kisiwe kigumu, na daktari hakumpinga. Swala ilinisumbua kuliko maumivu, kwa kuwa usaha hauna saa. Shekhe wa mtaani akanieleza kwamba mwenye udhuru kama wangu anajisafisha, anafunga vizuri, anatawadha wakati wa swala ukishaingia, anaswali. Nilitamani ningemuuliza mwaka mzima nyuma.

Pedi ndiyo ilikuwa kazi. Vitambaa vinaloa na kuhama, nesi akaniambia ninunue pedi za kina mama. Dukani mtaani kwetu binti akauliza, "Shemeji anatumia zenye mabawa au zisizo na mabawa?" Nikasema ngoja nimpigie. Nikatoka nje, nikasimama na simu sikioni ambayo haikupigwa popote, nikarudi: "Zenye mabawa." Siku hizi nanunua Majengo nisikojulikana, pakiti nne kwa mpigo.

Na kuna beseni. Kila baada ya choo nakalia maji ya uvuguvugu dakika kumi au kumi na tano. Ni jambo rahisi kuandikiwa, ila wiki ya mgao hapa Dodoma dumu la lita 20 linagawanywa kupika, kuogesha watoto na makalio ya baba. Mwanangu wa kati aliwahi kuuliza, mbele ya wageni, kwa nini beseni la bluu haliguswi.

Ombi langu halihitaji bajeti. Hospitali inayomwekea mtu uzi imwandikie kwa Kiswahili kwamba una uzi, na ukikatika au ukichomoka urudi haraka. Na wa vituo vya afya waulize kabla ya kukata.

Mimi nimejiandikia kadi, nikaipeleka steshenari ikatiwa plastiki kwa shilingi 1,000. Inakaa pamoja na leseni. Juzi trafiki alinisimamisha, nikampa vyote viwili kwa haraka. Akaisoma kadi mpaka mwisho, akanirudishia, akaniambia, "Nenda, kaka."

Maneno ya kadi hiyo ni haya: "Nimewekewa uzi kwenye fistula ya njia ya haja kubwa. Umewekwa makusudi. Usiukate wala usiuvute. Nirudishe kwa daktari wa upasuaji."

Mkiyachapa ndani ya kisanduku kidogo, mwenye shida kama yangu ataweza kuyakata kwenye gazeti akaweka mfukoni.

Dereva wa bodaboda,
Chang'ombe, Dodoma.
(Jina nimewaachia ninyi, Mhariri, msilichape.)