Harambee ya Dari na Maikrofoni ya Gredi ya 4

Wazazi wenzangu, walimu, wanafunzi wa zamani na majirani wa shule yetu hapa Kakamega, hamjambo?

Mvua yetu mnaijua. Saa nane mchana ikianza kugonga mabati, mwalimu wa Gredi ya 4 hupaza sauti mpaka koo linamkauka. Wengi humfuata hivyo hivyo. Yuko msichana mmoja asiyeweza. Akisomewa imla, "bata" huandika "pata". Akiambiwa afunge kitabu, achukue kalamu na aje mbele, hufunga kitabu, kisha hubaki akitazama wenzake wanafanya nini. Mimi mwalimu mkuu nilimwita mkaidi. Nilimtupia hata ile methali ya sikio la kufa. Namwomba radhi, yeye na mamake.

Siku moja nilimkalisha kibarazani, pakiwa kimya, nikamsomea imla ile ile. Hakukosa hata neno moja.

Masikio yake ni mazima. Alipimwa, akasikia hata milio hafifu. Kinachomsumbua ni jinsi ubongo unavyochambua sauti zikishaingia, hasa penye kelele. Si ujinga. Kulitambua tatizo hili kunahitaji vipimo vyake: mtaalamu humtamkia mtoto maneno huku kelele zikiendelea, au humpigia tarakimu tofauti katika kila sikio kwa wakati mmoja, aone anashika zipi na zipi zinampotea. Kwa kawaida husubiriwa mtoto atimize miaka 7, maana majibu ya wadogo zaidi hayategemeki. Tunao watoto watano wa kupelekwa Nairobi kupimwa hivyo.

Dawa ya kumeza hakuna. Yapo mazoezi ya kusikiliza, maagizo mafupi, kiti cha mbele. Ipo pia maikrofoni ndogo anayovaa mwalimu kifuani, sauti yake ikamfikia mtoto moja kwa moja kwenye kifaa cha sikioni. Lakini mimi dari ndiyo naililia zaidi, kwa sababu itapunguza kelele za mvua kwenye mabati na kuwafaa watoto wote 58 wa darasa lile.

Tunatafuta shilingi 340,000 za dari, maikrofoni moja na vifaa vyake vitano vya sikioni, pamoja na nauli na gharama za vipimo. Tukutane uwanjani Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Mweka hazina wa kamati ya wazazi atapokea mchango na kukuandikia risiti. Asiye na pesa alete mbao, misumari au mikono yake. Fundi anaanza Jumatatu inayofuata.